Andikeni bei: majibu kwa wauzaji wa kazi za mikono wenye tovuti

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaotengeneza vitu nyumbani: vikapu, kofia, sabuni, batiki. Karibu zote zinauliza wageni wa tovuti wanapatikana wapi. Mgeni akishafika anakuta nini, hilo wameliuliza wachache, kwa hiyo nitalijibu hata pale ambapo sikuulizwa. Kila barua naiweka kwanza, jibu langu linafuata.

Tovuti yangu ya vikapu vya Iringa ina miezi minne. Nikiandika jina la biashara kwenye Google inatokea ya kwanza, nikiandika "vikapu" haionekani kabisa. Fundi ananiambia nivute subira.

Kama inatokea kwa jina, Google wameshaifikia, na subira peke yake haitabadilisha kitu. Shida ni maneno. Nimefungua tovuti yako: vikapu vyote viko kwenye ukurasa mmoja, kichwa chake "Bidhaa zetu", na chini ya kila picha umeandika "kikapu bora kabisa". Hakuna anayetafuta kikapu bora kabisa. Watu wanatafuta kikapu cha nguo chafu chenye mfuniko, kikapu cha sokoni chenye mikono ya ngozi, kikapu cha kuwekea chungu cha maua.

Kipe kila kikapu ukurasa wake. Kichwa cha ukurasa kitaje kitu, malighafi, ukubwa na mahali, kwa mfano "Kikapu cha milulu chenye mfuniko, sm 45, Iringa". Usizidishe herufi 60 hivi, kwa sababu kikirefuka hukatwa kwenye matokeo. Ndani ya ukurasa andika maneno yasiyopungua mia: kimesukwa kwa nini, kimo na upana wa mdomo kwa sentimita, uzito, kinabeba nini, kiko tayari au kinasukwa kwa siku ngapi, bei, na kinasafirishwaje. "Nguo" na "mfuniko" utakuwa umeyataja mara mbili tatu bila kulazimisha.

Kisha jisajili Google Search Console, huduma ya bure ya Google inayokuonyesha tovuti yako inavyotokea kwenye matokeo. Utathibitisha umiliki kwa kuongeza rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi, kwenye mipangilio ya domeni yako (jina la anwani ya tovuti), halafu uwape ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. WordPress, mfumo ambao wengi mmejengewa tovuti kwao, inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, jina lake wp-sitemap.xml. Baada ya wiki chache fungua ripoti ya Performance. Inaonyesha watu waliandika maneno gani, ulionekana mara ngapi na ulikuwa nafasi ya ngapi. Shughulikia kwanza maneno ambayo uko nafasi ya 8 hadi 20, kwa maana hapo unakaribia: ongeza kipimo kinachokosekana, jibu swali ambalo ukurasa haukulijibu, weka kiungo kutoka kurasa zako nyingine. Usibadilishe vichwa kila wiki, utashindwa kujua kilichofanya kazi.

Na wale ambao hawaonekani hata kwa jina, nendeni WordPress, Settings, halafu Reading. Kuna kisanduku cha kuziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi na kusahau kukiondoa.

Kuna kijana ananiuzia wageni 10,000 kwa shilingi 50,000, ananihakikishia ni watu halisi. Nichukue?

Usichukue. Ni programu zinazofungua kurasa na kuzifunga, au watu wa mbali wanaolipwa kubofya. Hawatanunua hata kifungo. Ubaya zaidi, zitaharibu takwimu zako: baada ya hapo hutajua wageni wako wa kweli wanatoka wapi, na hiyo ndiyo taarifa uliyokuwa unaihitaji. Vivyo hivyo wanaouza "viungo 500 kutoka tovuti kubwa". Kununua viungo ili upande kwenye Google ni kinyume cha kanuni zao, na adhabu inaipata tovuti yako, muuzaji ameshaondoka na pesa.

Naona kwenye takwimu watu wanaingia lakini hakuna oda. Je, niweke bei kwenye tovuti au niwaambie waje inbox?

Swali hili linarudi kila mwezi na jibu halijabadilika: weka bei. Tarakimu kamili, sarafu, kwenye kila bidhaa.

Mnaambiana kwamba bei ikifichwa mteja atalazimika kuongea nanyi. Mteja halazimiki. Aliye na haraka anarudi kwenye matokeo na kumfungua anayefuata. Asiye na haraka anahisi bei inapangwa kwa kumtazama sura, na hisia hiyo mara nyingi ni ya kweli. Wengine wanasema washindani wataiona. Mshindani wako alishamtuma dada yake akuulize zamani. Mnaosema kila kitu ni cha oda maalumu, andikeni "kuanzia", kisha toeni mifano miwili: mkoba wa batiki usio na zipu bei hii, wenye zipu na bitana bei hii.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Ukitumia WooCommerce, programu ya duka inayoongezwa kwenye WordPress, na kujaza sehemu ya bei, mfumo unaandaa taarifa za bidhaa ambazo Google huweza kuonyesha kwenye matokeo, bei ikiwemo. Ukiiacha wazi, Google haina bei ya kuonyesha.

Bei ikishakaa mahali pake, angalia gharama ya kusafirisha. Andika unatuma kwa njia gani, basi, bodaboda au EMS ya posta, na mteja wa mkoani anaongeza kiasi gani. Mteja anayekuta gharama mpya mwishoni huacha oda yake hapo hapo.

Halafu picha, na hapa wengi mnajiumiza. Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Ukipandisha picha kumi kama zilivyo, unamtaka mteja atumie MB 40 za bando lake kuangalia heleni. Anaondoka kabla ukurasa haujafunguka, wewe unahesabu mgeni. Punguza upana uwe pikseli 1200, hifadhi kwa WebP, muundo wa picha wenye mafaili madogo, na ukubwa ushuke chini ya KB 150. Squoosh inafanya hivyo bure ndani ya kivinjari. Faili liite kikapu-milulu-mfuniko.webp, si IMG_2041. Kisha pima kasi ya tovuti kwa PageSpeed Insights ya Google, upande wa simu, si wa kompyuta. Google wanataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini, mara nyingi picha, kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Instagram nina wafuasi zaidi ya 9,000. Kila nikiposti naweka kiungo cha tovuti kwenye maelezo lakini hakuna anayekuja.

Kwa sababu kiungo kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibofyeki. Unawataka watu wakikariri. Kiweke kwenye wasifu, ambako unaruhusiwa viungo hadi vitano, na kwenye stori tumia stika ya kiungo. Kila kiungo kielekee kwenye bidhaa unayoionyesha siku hiyo, si ukurasa wa mwanzo. Mtu aliyevutiwa na mkufu mwekundu asianze kuutafuta upya. Mwishoni mwa kiungo ongeza ?utm_source=instagram&utm_medium=stori ili Google Analytics, chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, ikutofautishie waliotoka huko.

WhatsApp nayo mnaikosea. Kiungo cha kuanzisha mazungumzo ni wa.me/ kisha namba yenye msimbo wa nchi, 255 au 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mkiandika wa.me/07 hakifanyi kazi. Ongeza ?text= na jina la bidhaa ili ujue mteja ametoka ukurasa upi kabla hajauliza "bado ipo?"

Natengeneza sabuni za mwani Unguja. Tovuti niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Inategemea anayelipa. Kama unauzia watalii na maduka ya zawadi, Kiingereza ni lazima. Kama unauzia wenyeji na Bara, Kiswahili, tena utapata nafasi nzuri kirahisi zaidi kwa sababu kurasa za Kiswahili zenye maelezo kamili ni chache. Ukitaka zote mbili, kila lugha iwe na kurasa zake na anwani yake, ziunganishwe kwa tagi ya hreflang, inayowaambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi. Usichanganye lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, na usitegemee kile kitufe cha kutafsiri papo hapo: maneno yake hutokea machoni pa mgeni tu, Google hawayaorodheshi.

Hukuniuliza, lakini nimesoma ulichoandika. Ondoa "inatibu ukurutu na fangasi". Sabuni ikidai kutibu inaingia kwenye sheria za dawa, na matangazo yake hukataliwa. Andika imetengenezwa kwa mafuta gani, ina mwani kiasi gani, ina gramu ngapi na harufu ya nini.

Nimeambiwa niweke maneno muhimu 50 chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe yasionekane.

Huo ni udanganyifu ambao Google wanautambua na kuuadhibu. Na ile tagi ya keywords, orodha ya maneno muhimu mnayoijaza ndani ya kodi ya ukurasa, hawaitumii; walilitangaza hilo mwaka 2009.

Wanasema blogu inaleta wageni. Mimi nashona kofia za mkono, niandike nini? Nimeandika "Umuhimu wa utamaduni" na "Heri ya Mwaka Mpya", hazisomwi.

Hazisomwi kwa sababu hakuna aliyekuwa anazitafuta. Makala inayoleta mgeni inajibu swali ambalo mteja tayari analo, na wewe maswali hayo unayapokea kila siku kwenye simu. Fungua mazungumzo yako ya WhatsApp ya miezi mitatu, yaandike yanayojirudia, kila moja liwe makala.

Kwa kofia, la kwanza ni saizi. Eleza namna ya kupima: utepe uzunguke kichwa juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso, usibanwe, na kipimo kisomwe kwa inchi. Weka jedwali la saizi zako na picha ya utepe ukiwa kichwani. La pili ni kufua: maji ya baridi, sabuni laini, isikamuliwe, ikaushwe kivulini ikiwa imevalishwa kwenye bakuli au kopo la ukubwa wake ili isipoteze umbo. La tatu, tofauti ya kofia ya mkono na ya mashine, na picha ya karibu ya vitobo pande zote mbili. Makala hiyo ya tatu inakusaidia kuliko nyingine, kwa kuwa inaeleza kwa nini bei yako ni mara kadhaa ya ile ya dukani bila wewe kubishana na mtu.

Wenye vikapu na mikeka ya ukili, andikeni kuhusu ukungu. Kila mtu wa pwani anauliza. Ukungu uondolewe kwa brashi kavu nje ya nyumba, kisha mkeka upanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo na siki, uanikwe penye upepo na kivuli kwa sababu jua kali linapausha rangi, na usihifadhiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Mwisho wa kila makala weka viungo vya bidhaa mbili zinazohusika, zisizidi. Makala mbili za namna hii kwa mwezi zinatosha. Na msinakili za wenzenu wala picha zao.

Nafanya kazi nyumbani na sitaki watu waje mlangoni. Naweza kuwa kwenye ramani ya Google?

Ndiyo, endapo unakutana na wateja ana kwa ana, kwa mfano unawapelekea mzigo mwenyewe. Fungua wasifu wa biashara, ficha anwani, taja maeneo unayohudumia, yasizidi 20. Biashara ya mtandaoni tupu haikubaliki huko. Usiazime anwani ya duka la rafiki. Wasifu utafungwa, na maoni ya wateja yatapotea nao.

Pinterest inafaa?

Kwa wateja wa Ulaya na Marekani, ndiyo: kila picha inabeba kiungo na huendelea kuonekana kwa miezi. Picha ya wima, pikseli 1000 kwa 1500. Kwa mteja wa Mwanza au Kisumu, hapana. Na usimwite mteja wa Ulaya kabla hujaulizia posta gharama ya kilo moja hadi kwake.

Nina shilingi 30,000 za matangazo ya Facebook. Niboosti posti ipi?

Kwanza mjue kwamba ukichagua lengo la kubofya kiungo, Facebook inakutafutia wabofyaji, si wanunuzi. Kwa pesa hiyo chagua lengo la ujumbe, bidhaa moja yenye bei, mji mmoja unaoweza kupeleka mzigo siku hiyo hiyo, siku tano. Hesabu oda, usihesabu mbofyo. Ikiwa ukurasa wa bidhaa hiyo bado hauna bei na vipimo, tumia pesa hizo kununua karatasi nyeupe na ubao upige picha upya.

Mkianza kukusanya namba na barua pepe za wateja, waombeni ruhusa kwanza na muwape njia ya kujitoa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na orodha za namba zinazouzwa mitaani zinawaingiza wanunuzi wake matatani.

Nimegombana na fundi wa tovuti. Anasema domeni ni yake na nikitaka niondoke nayo nilipe. Nina haki?

Aliyeandikwa kama mmiliki kwa msajili, yaani kampuni iliyoisajili domeni, ndiye anayetambulika, kwa hiyo anza hapo: tafuta domeni yako kwenye huduma ya WHOIS, inayoonyesha domeni imesajiliwa wapi, au mwandikie msajili akuambie imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni jina lako au la biashara yako, omba msajili akurudishie udhibiti kwa kitambulisho chako na hati ya usajili wa biashara. Kama ni la fundi, kusanya risiti na meseji zinazoonyesha ulilipia domeni wewe, mpelekee msajili. Wakati unasubiri, pakua nakala ya maandishi na picha zako zote.

Wengine msingoje ugomvi. Leo hii hakikisheni domeni iko kwa jina lenu, barua pepe ya akaunti ni yenu, nywila mnayo, na tarehe ya kulipia tena mnaijua, kwa maana ikipita na mtu mwingine akaichukua, kurasa zote mlizohangaika kuzipandisha kwenye Google zitakuwa zinamletea yeye wageni.