Kabla hujajichagulia ufalme: kwa wanaojiunga na mchezo wetu wa vita

Karibuni. Kila Jumamosi jioni hapa Ngamiani, Tanga, tunakaa mezani kuigiza vita vya mataifa ya kubuni, kila mtu na mhusika wake. Mgeni akipewa orodha ya mataifa ya mchezo, kidole chake kinakwenda moja kwa moja kwenye lile lenye jeshi kubwa. Halafu anataka kuwa mfalme. Akibanwa sana, atakubali kuwa kamanda mkuu. Namwelewa, lakini huyo ndiye atakayeanza kuchungulia simu mapema kuliko wote, maana mfalme kazi yake ni kukaa na kuletewa habari.

Taifa lichague kwa shida zake. Muulize mwendesha mchezo, yule anayetusimulia yanayotokea: hawa watu chumvi wanaitoa wapi? Chuma je? Mvua isiponyesha wanamwendea nani? Taifa letu la milimani lina chuma na mashamba mazuri, ila halina chumvi wala bandari, kwa hiyo bei ya chumvi ikipanda gulioni, kila mchezaji anajua vita vinanukia. Dola la bondeni lina kila kitu, na ndiyo maana wachezaji wake hukaa kimya: hawana haja na mtu.

Wingi wa askari usikutie kiwewe, na kwa hili mfano tunao mjini kwetu. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishusha Ras Kasone, hapa hapa Tanga, jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Upande wa Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Lile jeshi kubwa likashindwa, likarudi melini na kuacha bunduki na risasi chungu nzima. Wengi wetu tunapenda kisa cha nyuki waliowauma watu vitani siku ile, nami nakipenda, lakini aliyetaka kuelewa aitazame reli. Meli ya kivita ilitangulia kuja kuutaka mji usalimu amri, kwa hiyo siri ikavuja, na wakati wageni wakijikusanya, treni zilikuwa zikileta askari kutoka upande wa Moshi. Basi ukichagua taifa, tazama njia zake. Kama linategemea majahazi, uliza pia ni msimu gani. Kusi ikivuma, jeshi la kwenda kusini litakaa bandarini likila akiba yake mpaka kaskazi ianze.

Sasa mhusika. Ushauri wangu kwa anayeanza: mpagazi, nahodha, mkalimani, mwuguzi wa majeruhi, karani wa ghala. Katika vita vile vya kweli wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa; bila wao mzinga haukusogea. Mchezoni ni hivyo hivyo. Tulikuwa na karani mmoja, kijana mpole, aliyeandika magunia ya mtama kwenye karatasi ya daftari na kukata moja moja kwa penseli. Kamanda akatangaza safari ya siku tano. Kijana akasukuma karatasi katikati ya meza: chakula cha siku tatu. Kikao chote kilichobaki kilikuwa ugomvi. Waporwe wanakijiji? Waachwe majeruhi? Hakuna aliyerusha dadu hata mara moja, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Uchawi ruksa, mradi uwe na gharama. Ujasusi uachie waliozoea.

Jambo moja nalisisitiza: majina ya makabila halisi usiyalete mezani. Utani wa Wazigua na majirani zao ni mtamu kwenye kahawa, ila kuigiza unachoma kijiji cha babu yake mtu aliyekaa mkabala nawe ni kitu kingine. Ukitaka kuchota kwenye vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, yule aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, chota hali: miji ya pwani inayoshindana, kampuni ya kigeni inayotaka ushuru, wenyeji wasioaminiana. Majina tunga mwenyewe. Na watumwa wasiwe mapambo ya msafara wako. Wape sauti au waache.

Mhusika wako akifa, usifunge begi. Utapewa mwingine papo hapo, kwa kawaida mtu wa karibu na maiti: mchimba kaburi, mjane, au mtu aliyekuwa akimdai. Mdai huwa ana mengi ya kuuliza.