Jibu: Kauri zimepauka baada ya kulowekwa kwenye siki

Dada, kwa ulivyoeleza, kauri (magamba ya konokono wa baharini) ulizookota ufukweni Malindi ulizilaza kwenye siki usiku kucha, zikatoka nyeupe kama chokaa. Siki ndiyo iliyoziharibu. Gamba ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote, hata ya ndimu, hulila. Ule mng'ao aliutandaza konokono mwenyewe akiwa hai, kwa ngozi laini inayopanda juu ya gamba kutoka pande zote mbili. Ukishalika, haurudi. Mafuta ya mtoto yataficha weupe kwa muda. Ya nazi yaache, yatachacha.

Zilizobaki ziloweke kwenye maji baridi ya bomba siku mbili tatu, ukiyabadilisha kila siku. Kisha mswaki laini na tone la sabuni, na uanike kivulini. Usichemshe: joto la ghafla hutia nyufa.

Kuhusu aina, ulizodhani ni tatu: yenye pete ya rangi ya chungwa mgongoni ni Monetaria annulus, kwa kawaida sentimita 2 hivi. Ya manjano yenye vinundu pembeni ni Monetaria moneta. Pete hafifu isikudanganye, maana moneta nazo huwa nayo, tazama vinundu. Ile nyepesi, mdomo wazi bila meno, ni kauri ambayo haijakomaa, si aina ya tatu.

Kauri hana kifuniko cha kuziba mdomo wa gamba, kwa hiyo chungulia kwenye mpasuo wa chini: ukiona nyama, mrudishe majini. Na ndani ya hifadhi ya bahari, hata gamba tupu haliokotwi.