Kuinua Hilux kwa ajili ya mchanga wa Mambrui

Kaka, nimekuelewa: unakwama mchangani Mambrui, na fundi wako hapo Malindi anataka kuinua Hilux inchi 4 kwa kuchomelea vipande kwenye springi. Usikubali kabisa! Moto wa kuchomelea huharibu chuma cha springi, nayo hukatika ukiwa mwendoni.

Kinachokukwamisha ni upepo mwingi kwenye tairi. Shusha hadi psi 18 hivi, usikate kona kwa ghafla, ujaze tena ukifika lami.

Ukitaka kuinua bado, inchi 2 zinatosha. Ukizidisha, mipira ya breki huvutika. Lakini kwanza gongagonga chesesi (fremu ya chuma iliyobeba gari) kwa nyundo, chumvi ya bahari huila kwa ndani. Ikitoboka, tafuta fundi wa chesesi mzoefu. Bima nao waarifu mapema kwamba unainua gari.