Kabla Hujaniomba Fomula, Ingiza Mkono Kwenye Gunia

Jumamosi usiku niliweka mtandaoni picha ya cheti cha maabara. Unga wangu wa maganda ya machungwa umefaulu kwa mara ya tatu mfululizo: unyevu chini ya asilimia 10, ukungu chini ya kikomo, mabaki ya viuatilifu ndani ya kiwango. Sikuandika maneno mengi. Kuamka asubuhi nakuta ujumbe:

"Dada habari, hongera sana. Mimi nina magunia matatu ya maganda ya vitunguu. Naomba fomula ya vidonge vya presha, nataka kuanza wiki ijayo."

Nikacheka, halafu kicheko kikanikatikia njiani. Ujumbe huo huo, karibu neno kwa neno, niliwahi kumwandikia mtu niliyekuwa namheshimu sana kwenye mambo haya, miaka sita iliyopita. Aliusoma. Tiki zikawa bluu. Hajajibu hadi leo. Huwa nasema nimeshasamehe, lakini mtu aliyesamehe hakumbuki rangi ya tiki. Basi mdogo wangu, wewe nakujibu, tena hapa hadharani, maana najua hauko peke yako.

Mimi nilianza nikiwa nasafisha jiko la mgahawa. Kazi ya mwisho kila usiku ilikuwa kubeba takataka, na zaidi ya nusu ya takataka zenyewe ni maganda. Siku moja nikasoma kwamba lile ganda kavu la kahawia la kitunguu, lile linalopeperuka ukilipumulia, lina kwasetini, kemikali ya mmea inayosifiwa kwa afya, mara nyingi zaidi ya nyama ya kitunguu chenyewe. Nikasoma pia kwamba ile nyeupe ya ndani ya ganda la chungwa imejaa hesperidini, ndugu yake kwasetini, na kwamba Mfaransa mmoja, Lebreton, aliitoa humo mwaka 1828. Karibu miaka 200 watu wanajua, na mimi kila usiku namwaga! Na sababu yake inaingia akilini kabisa: mmea hutengeneza kemikali hizi kujikinga na jua, wadudu na kuvu, sasa ulitaka uziweke wapi kama si kwenye ngozi? Sikulala. Nilipiga hesabu za utajiri nyuma ya karatasi ya zamu. Na wewe umeshazipiga, usinifiche.

Nikaomba maganda, nikapewa bure, nikayafunga kwenye mifuko ya plastiki nikaiweka uani. Siku ya kwanza nilikuwa nimechoka. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu nikafungua mfuko, nikaingiza mkono, na mkono ukakuta joto. Joto kabisa, kama umeutia chini ya kuku anayeatamia. Harufu ya pombe ikanipiga usoni, na nilipochota ganda la chini lilikuwa na vumbi la kijani lililoacha alama za vidole vyangu.

Unajua nilifanya nini? Nilisuuza yale maganda, nikayaanika. Niliona uchungu kutupa. Nikajiambia maji ya moto yataua vijidudu vyote huko mbele. Kuvu wenyewe labda watakufa, lakini sumu nyingi wanazozitoa hazijali moto wala spiriti, zinabaki. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hakuna aliyeniambia: ukikamua kitu hadi kibaki kidogo, hukamui kile unachokipenda peke yake. Kwasetini inajilimbikiza, na sumu ya ukungu inajilimbikiza, na dawa iliyopuliziwa shambani nayo inajilimbikiza. Machungwa mengi ya biashara yanapakwa dawa ya kuzuia kuvu baada ya kuvunwa, na dawa hiyo inakaa wapi? Kwenye ganda, palepale unapopataka wewe. Mlaji wa kawaida analimenya na kulitupa. Wewe ndiye unayelisaga na kulifunga kwenye chupa.

Mzigo ule wote nilikuja kuutupa. Ila nilichelewa, shangazi yangu alishakunywa wiki nzima akisema anajisikia mwepesi. Namshukuru Mungu hakuugua.

Halafu ikaja kukamua. Nilidhani maji ya moto yanatosha kwa kila kitu, kama chai. Nikachemsha maganda ya nyanya saa nzima nikitafuta likopini, ile rangi nyekundu ya nyanya. Maji yakabaki meupe-meupe, ganda jekundu vilevile, kama linanicheka. Kwa hasira nikamwagia kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye sufuria. Baada ya dakika chache yale mafuta yaliyokuwa yanaelea yakaanza kuwa ya rangi ya machungwa. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikayaangalia kama mtoto. Likopini haipatani na maji, inapatana na mafuta. Kwasetini nayo maji peke yake hayaiwezi vizuri, inataka ethanoli, yaani spiriti ileile iliyomo kwenye pombe, iliyochanganywa na maji. Wengine watakwambia methanoli, spiriti nyingine isiyonyweka, inakamua vizuri zaidi. Methanoli inapofusha na inaua, iache kwenye maabara za watu wasiokusudia kumnywesha mtu.

Miaka miwili iliyofuata nairuka. Ilikuwa kuosha, kukata, kuanika, kuosha, kukata, kuanika.

Nifike siku ya aibu. Nilikuwa nimeshampata mwenzangu wa biashara, tukapeleka sampuli kupimwa. Kuna kipimo wanachotumia maji ya zambarau; ukitia kitu chenye antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia uharibifu wa oksijeni, zambarau inapotea na kubaki njano. Yetu ilipotea kabla hata fundi hajamaliza kutikisa. Kipimo cha pili, cha polifenoli, lile kundi kubwa la kemikali za mimea lenye kwasetini na hesperidini, kikawa bluu nzito kama wino. Mwenzangu alinikumbatia. Mimi machozi. Fundi, mzee mpole asiyeinua sauti, akauliza swali moja tu:

"Mlizuiaje maganda yasiwe meusi?"

Nikajibu kwa majivuno kwamba nilikuwa nayaloweka kwenye maji ya vitamini C. Mbinu hiyo nilijifundisha mwenyewe.

Akatabasamu. "Basi mmepima vitamini C yenu."

Vipimo vile viwili haviulizi wewe ni nani, vinauliza tu kama unaweza kutoa elektroni, na vitamini C inazitoa bila kusita. Nilikuwa nimepima mfuko wangu mwenyewe wa vitamini C. Tulivyorudia bila vitamini C, na maganda tumeyapitisha kwenye mvuke dakika chache ili kuua vimeng'enya vinavyoyafanya kuwa meusi, namba zilishuka hadi nikaona haya kuzisoma kwa sauti. Lakini zilikuwa namba za maganda.

Na hata namba halali, mdogo wangu, ni ya kwenye chupa ya kioo. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la nguvu za antioksidanti za vyakula, na mwaka 2012 ikaliondoa yenyewe, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanalitumia kuuza vitu, wakati namba zile hazionyeshi kinachotokea mwilini. Sehemu kubwa ya polifenoli unayomeza hainyonywi ilivyo. Ya komamanga, kwa mfano, inakwenda hadi kwa bakteria wa utumbo mkubwa, na wao ndio wanaoibadilisha kuwa kitu kingine kinachoingia kwenye damu. Kuna watu bakteria wao hawaijui kazi hiyo kabisa. Wawili mmekunywa glasi ileile, mmoja kapata, mwingine kapitisha.

Nilimweleza mwenzangu haya yote. Akasema, "Wateja hawanunui bakteria." Wiki iliyofuata akaja na lebo zimeshachapwa: INATIBU PRESHA NA KISUKARI.

Mchanganyiko wetu wakati ule ulikuwa na maganda ya balungi. Siku ileile mteja mmoja akapiga simu kuuliza kama mama yake anayetumia vidonge vya presha anaweza kuanza kutumia unga wetu. Nilimwambia hapana, si kabla ya kumwona daktari wake. Mwenzangu akaninyang'anya simu, akasema, "Anaweza, tena ataacha vidonge."

Hofu yangu ilikuwa hilo balungi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Kanada, watafiti walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la dawa ya presha iitwayo felodipini, wakashangaa dawa imepanda kwenye damu kuliko walivyotegemea. Balungi lina kemikali zinazozima kimeng'enya kinachovunja dawa hiyo, pamoja na dawa nyingine nyingi. Mama wa watu angeweza kushuka presha hadi akaanguka bafuni, na lebo yetu ikiwa imemwandikia "asilia, haina madhara".

Tuligombana hadi majirani wakatoka. Akaondoka na daftari la wateja, lebo, na trei zangu sita za kukaushia. Trei nilizinunua mimi. Hajazirudisha, na nasikia biashara yake inakwenda vizuri sana, hongera zake.

Sasa nisikilizeni, na wengine mnaosoma kimyakimya. Neno "asilia" halimlindi mtu. Mwaka 1994 utafiti wa Finland uliowahusisha wanaume wavutaji sigara 29,133 ulitoa majibu yake: waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, rangi ileile ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Zaidi, si pungufu! Watafiti walianza wakitumaini kuwalinda. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilionya kwamba virutubisho vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, kwa siku vinaweza kuleta dalili za mwanzo za madhara kwenye ini. Chai kikombeni haina neno, iliyokamuliwa ikashindiliwa kwenye kidonge ni habari nyingine. Na Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria aliyepata Nobel mwaka 1937, alishaziita flavonoidi, yaani kwasetini, hesperidini na ndugu zao, "vitamini P", jina ambalo baadaye lilifutwa kwa sababu hazikuonekana kuwa vitamini. Yule alikuwa na Nobel. Wewe na mimi tuna magunia. Kwa hiyo usiandike "inatibu". Usiandike hata kama shangazi yako amejisikia mwepesi.

Mnaniuliza nauza nini basi. Nauza unga wa maganda kwa waokaji, kama chakula. Una nyuzinyuzi nyingi, una pektini inayoshika maji, mkate unachelewa kukauka. Hesperidini imo pia, sawa, na siiandiki kwa herufi kubwa. Waokaji wanarudi. Sijatajirika, lakini cheti kina jina langu peke yangu, na kile cha Jumamosi nimekitia fremu.

Fomula ya vidonge vya presha sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Maganda ya vitunguu yana bahati moja, yanakuja yameshakauka nusu, kwa hiyo huenda umenizidi nilipoanzia. Nenda sasa hivi kwenye gunia la kati. Usiangalie juu, juu huwa pazuri siku zote. Ingiza mkono hadi chini, kaa hapo kidogo usikilize kama kuna joto. Toa ganda moja ulikunje. Likivunjika kwa mlio, niandikie tuzungumze habari ya kuosha. Likipinda, mwaga gunia lote chini, chambua lenye ukungu utupe, lisilo na doa tandaza leo kabla jua halijazama, na nitumie picha.