Kabla hujawasha kamera: kwa mnaoanza kushuti vichupa Dodoma

Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu hufika na malalamiko yaleyale: vichupa, yaani video za muziki, vya siku hizi vinafanana, ubunifu umekwisha, vya zamani ndiyo vilikuwa vichupa. Wa mwisho aliniambia hivyo akiwa amekalia ndoo iliyofunikwa (viti havitutoshi), halafu akatoa simu anionyeshe kazi yake mwenyewe. Msanii mbele ya gari jeupe la kukodi, wasichana wawili, moshi wa rangi. Nikamuuliza, wimbo unahusu nini? Akakuna kichwa.

"Mambo ya maisha tu, kaka."

Haya, tuanzie hapo.

Hiyo zamani mnayoililia mimi niliiona. Tanzania Bara televisheni ilianza 1994, na kwetu tulikuwa tunaifuata kwa jirani, tumejazana sakafuni, mwenye nyumba akichoka anatuzimia. Nawaambia ukweli: vichupa vingi vilikuwa vibovu. Msanii yuko ufukweni, msanii yuko kwenye ngazi za jengo refu, msanii anainyooshea kamera kidole mpaka wimbo unaisha. Hivyo tumevisahau vyote. Tumebakiza kumi tulivyovipenda, kisha tunavichukua hivyo kumi tunavilinganisha na kila kitu kilichopandishwa YouTube wiki hii. Kwa mizani hiyo, kazi ya leo haitashinda kamwe.

Hata huko kwa wazungu ni hivyohivyo. Kile kichupa cha bendi ya a-ha cha mwaka 1985, Take On Me, ambacho msichana anavutwa kuingia ndani ya michoro ya penseli, kila mwalimu wa video anakitaja. Wachache wanajua kwamba wimbo huo ulikuwa na kichupa kingine cha 1984. Ndani yake bendi inaimba tu mbele ya kamera. Kilipita, hakuna aliyegeuka kukitazama. Wimbo ukarekodiwa upya, kichupa kikafanywa upya, picha kwa picha, kwa mkono, na kazi ya michoro peke yake ikala miezi. Kwa hiyo zamani nayo ilikuwa na uvivu wake. Tofauti ni kwamba hawa walirudia.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Zamani kamera nzuri ilikodiwa kwa siku, na siku ikiisha imeisha, kwa hiyo mtu alikuja loketsheni akijua anachotaka. Leo una kadi mbili za gigabaiti 128 mfukoni, unashuti kutwa nzima ukijiambia utajua mbele kwenye kuhariri. Hutajua. Utakaa usiku kucha mbele ya kompyuta unatafuta wazo ndani ya picha ambazo zilipigwa bila wazo. Simu nayo imekuja na yake: mtazamaji anaamua ndani ya sekunde chache kama anapita au anabaki, basi msanii anataka gari, moshi na wasichana vyote vitokee kabla hata hajafungua mdomo. Simu yenyewe siilaumu. Fremu ya wima ina uzuri wake, mtu akisimama anaijaza kuanzia kisigino hadi kofia.

Ugonjwa mkubwa kwangu ni ule ujumbe unaoingia kabla ya wimbo wenyewe: "Kaka nataka kama hii," na linki chini yake. Ukiifungua hiyo linki, nayo ilikuwa "kama hii" ya mtu mwingine. Nenda steshenari ukatoe kopi ya kopi ya kopi uone herufi zinavyoishia.

Na mimi nimeumwa ugonjwa huo. Miaka kadhaa nyuma alinifuata kijana wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma ana wimbo wa mama yake, mama wa kuuza karanga na ubuyu stendi, aliyemsomesha kwa vipakti vya mia mia. Wimbo mzuri, hauna makeke. Pamoja na wimbo akaniletea linki yake ya bwawa la kuogelea. Nilijua haviendani. Nikanyamaza, maana alikuwa na hela kamili mkononi, na kwa kazi yetu mteja wa hela kamili ni kama mvua ya Dodoma, huiulizi imetoka wapi. Tukakodi bwawa la hoteli moja, tukatafuta binti wa kuogelea, tukapiga siku nzima. Picha zilitoka safi, maji ya bluu, kila kitu. Jioni ya kukitoa tukakitazama kwao sebuleni. Mama alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Sasa huyu anayeoga ndiyo mimi?"

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu. Wimbo ukija, nakaa nao siku tatu bila kamera. Nausikiliza kwenye daladala ya Nkuhungu, nausikiliza nikifua. Halafu natakiwa niandike sentensi moja: nani anamwambia nani, wako wapi, ni saa ngapi. Nikishindwa namuuliza msanii, na msanii akishindwa basi wimbo haujaiva, na hilo si kosa la kamera. Sentensi ikishapatikana ndipo nafungua ile linki yake, na hapo simuulizi kama ameipenda, namuuliza amependa nini humo. Mara nyingi ni kitu kimoja kidogo. Ni namna jua linavyomwangukia mtu begani, au namna msanii anavyotembea bila haraka. Hicho kimoja kichukue, hakina mwenyewe. Mengine muachie mwenye nayo.

Msinielewe kwamba wazo ni lazima liwe na gharama. Bendi ya OK Go mwaka 2006 walicheza juu ya mashine 8 za mazoezi za kukimbilia, kamera imesimama palepale, hakuna kukata hata mara moja, na mwaka uliofuata wakapewa Grammy kwa kichupa hicho. Gharama waliyolipa ni mazoezi. Sasa niambieni, ni lini mara ya mwisho mmefanya mazoezi na msanii kabla ya siku ya kushuti? Mnakutana asubuhi loketsheni, hamjuani hata majina.

Mazoezi hayo yana kazi nyingine. Mkitaka mwili wa msanii uende taratibu lakini midomo ifuate wimbo, mnashuti fremu 50, yaani picha 50, kwa sekunde, mnampigia wimbo kwa kasi mara mbili, anaimba mbiombio, halafu kwenye kuhariri mnaishusha video kuwa fremu 25 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 unamkimbilia kwa dakika 2. Kama hajajizoeza nyumbani atajing'ata ulimi. Mimi mara ya kwanza nilikumbuka kupandisha fremu nikasahau kupandisha wimbo. Asubuhi nzima barabara ya Chamwino, upepo, vumbi, watu wanashangilia. Nilipofungua picha nyumbani, msanii anatafuna maneno taratibu kama mtu aliyekwamwa na tonge la ugali. Hakuna fundi wa kuhariri anayeweza kuliokoa hilo. Tulirudi siku nyingine kwa nauli yangu.

Kuhusu mji wetu. Dodoma inawapa vitu ambavyo wenzenu wanavifuata kwa gharama: mawe makubwa, udongo mwekundu, mizabibu, vilima vya kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ambako mji wote unauona chini. Ila jua letu halina huruma. Ikifika saa nne asubuhi macho ya msanii yamegeuka mashimo mawili meusi. Fikeni gizani, anzeni jua linapochomoza, ikifika saa mbili na nusu pumzikeni mpaka saa kumi. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo unabeba vumbi, kwa hiyo kubadili lenzi fanyieni ndani ya gari mmefunga vioo. Nilibadilishia nje mara moja tu, nikapata doa katikati ya anga kwenye kila picha ya siku ile.

Na mbuyu. Najua mnautaka. Mimi mbuyu mmoja nimeshautumia kwenye vichupa vinne tofauti, vya mapenzi viwili, cha dini kimoja na cha kampeni kimoja, mpaka watu wa pale wakinipungia mkono wananiuliza leo nani anaimba. Kuukimbia ufukwe wa Dar na kuishia mbuyuni kila wiki ni uvivu uleule, umebadili mkoa tu.

La ngoma za Kigogo linaniuma zaidi. Watu wanakodi akina mama wa muheme, ngoma inayopigwa na wanawake, wanawapanga nyuma ya msanii kama pazia, halafu wanawapunguzia kasi ili "ipendeze". Mama anayepiga muheme ameibana ngoma kati ya miguu na uhai wote uko kwenye mikono yake na mabega. Ukiipunguza kasi ile mikono, umemnyang'anya mdundo, na wimbo wako unapiga kitu kingine kabisa masikioni. Kama wimbo hauna nafasi ya kuwasikia, usiwaite. Kama unayo, rekodi na sauti yao palepale, na walipe kabla hawajapanda gari.

Vibali nitasema kwa kifupi kwa sababu havina mjadala: ulizeni Bodi ya Filamu na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) mapema, na droni msiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Huu ni mji wa Bunge na Ikulu. Si mahali pa kujaribu bahati.

Yule kijana wa Chang'ombe alirudi kwangu baada ya mwaka, na wimbo mwingine wa mama. Safari hii tulishuti jikoni kwao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama akikaanga karanga kwenye mchanga, mwanga ukiingia kwenye kidirisha kimoja na moshi ukiufuata. Tulikuwa na kama nusu saa tu kabla jua halijapanda juu ya paa. Kamera moja, lenzi moja. Kuna mahali anazipeta karanga, mchanga unadondoka na maganda yanapaa, na hapo ndipo kiitikio kinaingia. Sikukipanga hicho, ila nilikuwa nimeusikiliza wimbo siku tatu, kwa hiyo nilipoiona ile peta nilijua inakwenda wapi.

Kile cha bwawa mpaka leo kina watazamaji wengi kuliko hiki. Mama anacho hiki kwenye simu yake, na wateja wa karanga huonyeshwa bila kuomba.