Kitoto cha miezi 4 kwenye ndege, Manda (kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu) hadi Nairobi
Dada, umeuliza kama mtoto akatiwe kiti: hahitaji kiti chake. Chini ya miaka 2 anapakatwa, mtu mzima mmoja mtoto mmoja, ila lazima aandikwe unapokata tiketi; beba na cheti cha kuzaliwa. Masikio ndiyo kazi! Ndege ikianza kushuka, usingoje itue, mnyonyeshe hata kama itabidi umwamshe, maana kumeza ndiko kunakozibua masikio. Wangu nilisafiri naye hivyo peke yangu, akanyonya mpaka chini. Akiwa na mafua mazito, muone daktari kwanza. Kigari cha kumsukumia mtoto kiache nyumbani: ukitoka kwenye boti pale gati la Manda maji yamekupwa, ngazi zina utelezi, utashukuru umemfunga kwa leso kifuani.