Kusoma Jenomu ya Virusi Penye Mlipuko: Maswali na Majibu

Swali: Ikiwa kipimo cha kawaida kimeshathibitisha ugonjwa, kuna haja gani ya kusoma jenomu, yaani maelezo yote ya urithi ya virusi?

Jibu: Kipimo cha kawaida husema virusi vipo au havipo. Jenomu hudokeza vimetoka wapi, kwa kuwa virusi vinapoendelea kuzaliana huacha makosa madogo ya kunakili, na wagonjwa walioambukizana huwa na makosa yanayofanana. Mwaka 2018 homa ya Lassa ilipozidi kiwango kilichozoeleka nchini Nigeria, kulikuwa na hofu kwamba virusi vimebadilika na sasa vinaenea kutoka mtu hadi mtu. Jenomu zilizosomwa nchini humo wakati mlipuko ukiendelea zilionyesha virusi vinavyotofautiana sana, ishara kwamba wagonjwa wengi waliambukizwa na panya, kila mmoja kwa njia yake. Kwa maoni yangu, huu ndio mfano bora kuliko yote, kwani jibu lilipatikana wakati bado linaweza kuelekeza kazi ya kinga.

Swali: Mashine ya kusoma jenomu inabebeka kweli?

Jibu: Ndiyo. MinION, mojawapo ya mashine hizo, ina uzito wa takriban gramu 100 na huchomekwa kwenye kompyuta mpakato. Ndani yake mna utando wenye matundu madogo mno; uzi wa DNA unapopenya tundu, mkondo wa umeme hubadilika kulingana na herufi, yaani viambajengo vya DNA, zinazopita, na programu huyageuza mabadiliko hayo kuwa maandishi. RNA ya Ebola, ambayo ndiyo jenomu yake yenye herufi takriban 19,000, hunakiliwa kwanza kuwa DNA. Mwaka 2015 watafiti walifika Guinea na maabara yao yote katika mizigo ya kawaida ya ndege, isiyofikia kilo 50, wakasoma sampuli 142 za Ebola, nyingine zikitoa majibu chini ya saa 24 tangu zipokewe. Kilichowatatiza zaidi ni umeme na intaneti.

Swali: Haikosei?

Jibu: Hukosea, ndiyo maana kila sehemu ya jenomu husomwa mara nyingi kabla ya kuaminiwa.

Swali: Je, majibu yanaweza kumdhuru mgonjwa?

Jibu: Yanaweza. Ebola iliporudi Guinea mwaka 2021, jenomu zilifanana mno na za mlipuko wa 2014 hadi 2016, kana kwamba virusi havikuwa vimezaliana sana katikati, jambo linaloashiria kwamba virusi vilikuwa vimejificha mwilini mwa manusura. Habari kama hiyo itolewe bila jina wala kijiji cha mtu, na iambatane na matibabu ya kuwafuatilia manusura, ambao tayari wamebeba unyanyapaa wa kutosha.